Diski Mpya Ikikataa: Somo la Kutafuta Shida Hatua kwa Hatua



Kikundi kikishapata laptopu, kazi nyingi huhamia humo. Orodha ya wanachama, michango, mikopo na riba, kumbukumbu za mikutano, barua za kuomba msaada, yote yanawekwa ndani. Lakini laptopu nyingi zinazofika kwetu vijijini zilitumika mahali pengine kwanza. Baada ya muda diski yake inachoka. Inawaka polepole, inatoa sauti ya tik-tik, au inaganda katibu akiwa katikati ya kuandika. Halafu mtu anawashauri, "Nunueni diski mpya ya SSD."

Ushauri huo ni mzuri. Diski ya zamani ina sahani ndani ambayo huzunguka, na kijiti kinachosoma juu yake, kwa hiyo mtikisiko wa pikipiki au kuanguka mezani huiumiza. SSD haina kitu cha kuzunguka. Ina chipu tu. Tena ni ya haraka. SSD ya kawaida ya aina ya SATA inaweza kusoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka ya laptopu husoma karibu 100 tu. Laptopu ambayo mlitaka kuitupa inaweza kuwatumikia miaka mingine.

Taabu huanza pale mnapotaka kuweka Windows au Linux kwa hiyo diski mpya. Inakataa. Mmoja anasema diski ni mbovu, mwingine anasema laptopu imekufa. Mnalipa nauli ya Runyenjes, mnalipa ya Embu mjini, mnanunua diski ya pili, na bado hakuna anayejua shida ilikuwa wapi. Somo hili ni la kuwasaidia mjue shida iko wapi kabla hamjatoa shilingi ingine.

PROGRAMU ENDESHI NI NINI?

Laptopu bila programu endeshi ni kama matatu bila dereva. Injini iko, magurudumu yako, lakini haiendi popote. Programu endeshi ndiyo inayowasha kioo, inasikiliza vitufe na kufungua faili zenu. Windows ni programu endeshi. Linux pia. Programu hiyo hukaa kwa diski, ndiyo maana diski ikibadilishwa inabidi iwekwe upya. Kazi hiyo ya kuiweka huitwa kusakinisha.

KWANZA KABISA: LINDENI DISKI YA ZAMANI

Diski mpya ikiharibika mtanunua ingine. Hesabu za kikundi zikipotea, hakuna duka linaloziuza. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote:

1. Kama laptopu bado inawaka, nakilini faili zote za kikundi kwa flashi. Zifungueni kwa kompyuta ingine mhakikishe zinasomeka. Usitosheke na kuona majina tu.

2. Kama Windows yenu inatumia kufuli ya BitLocker, tafuteni namba yake ya kufungulia. Ni namba ya tarakimu 48. Bila hiyo, diski ya zamani ikitolewa haitasomeka kwa mashine ingine.

3. Diski ya zamani ikitolewa, iandikwe tarehe na jina la kikundi, ikae kwa mweka hazina. Fundi asiende nayo "kuitupa". Humo mna namba za vitambulisho na simu za wanachama. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azitunze. Tena kumbukeni, faili iliyofutwa kwa njia ya kawaida mara nyingi bado inaweza kurudishwa na mtu mwenye ujuzi, hasa kwa diski za kuzunguka.

4. Diski ya zamani isiwe ndani ya laptopu wakati wa kusakinisha. Laptopu ingine ina nafasi mbili za diski. Zikiwa zote ndani, ni rahisi kufuta ile isiyofutwa.

KAMA KAHAWA KIWANDANI

Wakulima wa kahawa mnajua jinsi kazi ya kiwanda inavyokwenda. Kahawa hupimwa, humenywa, huchachushwa, huoshwa, kisha huanikwa. Kahawa ikitoka mbaya, meneja hawezi kununua mashine mpya siku hiyo hiyo. Anauliza: iliharibika kwa hatua gani? Kama ilitoka kwa mashine ya kumenya ikiwa safi, hana haja ya kuifungua hiyo mashine. Ataangalia tangi.

Kusakinisha pia kuna hatua. Ni tano, na kila moja inategemea ile iliyotangulia:

1. Laptopu yenyewe iione diski mpya.
2. Laptopu ianze kwa flashi yenye Windows au Linux.
3. Programu iliyo kwa flashi iione diski na kuikubali.
4. Faili zinakiliwe mpaka mwisho.
5. Laptopu ianze kwa diski mpya, flashi ikiwa imetolewa.

Swali la kumuuliza fundi si "Imeharibika?" Muulizeni, "Imekwama hatua ya ngapi?" Sasa tuzipitie moja moja.

HATUA YA 1: LAPTOPU HAIIONI DISKI

Kila laptopu ina ukurasa wake wa mpangilio unaoitwa BIOS, au kwa mashine za kisasa UEFI. Ukurasa huu haukai kwa diski, uko kwa ubao mkuu wa laptopu. Ndiyo maana hufunguka hata kama hakuna diski kabisa. Laptopu ikianza kuwaka, finya kitufe chake mara kadhaa. Kwa Dell huwa ni F2, kwa HP ni F10, kwa Lenovo nyingi ni F1 au F2. Humo tafuta mahali pameorodheshwa diski. Kama jina la SSD yenu liko, hatua ya kwanza imepita.

Kama haliko, angalia haya kabla ya kusema diski ni mbovu:

(a) Imekaa vizuri? Zima laptopu, toa chaja, toa betri kama inatoka. Gusa chuma kwanza ili umeme mdogo wa mwilini utoke. Toa diski, irudishe kwa upole mpaka iingie yote, ufunge skrubu. Diski iliyoinuka kidogo tu haionekani.

(b) Ni aina inayofaa? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye umbo la diski ya zamani. Kuna nyingine nyembamba kama kipande cha biskuti, inaitwa M.2. Na hizo M.2 zenyewe ni za aina mbili: SATA na NVMe. Zinafanana, na zingine huingia kwa nafasi moja, lakini laptopu iliyotengenezewa M.2 ya SATA peke yake haitaiona NVMe. Mara nyingi ya NVMe ina pengo moja kwenye meno yake na ya SATA ina mapengo mawili, lakini msiamini pengo. Someni karatasi ya diski, na mtafute namba kamili ya laptopu yenu mjue inakubali gani. Fanyeni hivyo kabla ya kununua.

(c) Ijaribiwe kwa laptopu ingine inayokubali aina hiyo. Ikionekana kule, diski ni nzima. Isipoonekana popote, sasa mna haki ya kuirudisha dukani. Wekeni risiti.

HATUA YA 2: FLASHI HAIANZI

Laptopu inawaka lakini inasema hakuna diski ya kuanzia, hali flashi imechomekwa. Usihangaike. Diski mpya ni tupu, kwa hiyo maneno hayo ni ya kweli. Inabidi uiambie laptopu ianze kwa flashi. Iwashe ukifinya kitufe cha kuchagua: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Itatokea orodha, uchague flashi.

Kama flashi haipo kwa orodha, au inakataa, mara nyingi ilitengenezwa vibaya. Kunakili faili ya Windows na kuibandika kwa flashi kama wimbo haitoshi. Kuna programu maalum ya kazi hiyo. Microsoft wana yao, na kuna Rufus ambayo ni ya bure. Flashi iwe ya gigabaiti 8 au zaidi. Angalieni sana: kila kitu kilichokuwa kwa hiyo flashi kitafutwa! Msitumie ile mliyonakilia hesabu za kikundi.

HATUA YA 3: PROGRAMU HAIIONI DISKI AU HAIIKUBALI

Hapa watu wengi hukata tamaa, kwa sababu BIOS inaiona diski lakini ukurasa wa kuchagua diski unaonyesha patupu. Diski si mbovu. Laptopu nyingi zenye prosesa ya Intel hupangwa kwa njia inayoitwa RAID, RST au VMD, na programu ya kusakinisha haina ufunguo wa mlango huo. Ingia kwa BIOS, tafuta mpangilio wa SATA au wa diski, ubadilishe uwe AHCI, au uzime VMD. Hifadhi, uanze tena. Kwa diski tupu hakuna hasara. Lakini andikeni mpangilio wa kwanza kwa daftari. Mkirudisha diski ya zamani siku moja, Windows yake inaweza kukataa kuwaka mpaka mpangilio ule urudishwe.

Shida ya pili ni diski kuonekana lakini kukataliwa, na maneno kwa kioo yakitaja GPT au MBR. Hizi ni namna mbili za kuchora ramani ya diski, kama ramani ya zamani ya shamba na ile mpya ya mpima ardhi. MBR ni ya zamani, na haiwezi kutumia diski inayozidi terabaiti 2. GPT ni mpya. Laptopu ikianza kwa njia ya UEFI, Windows hutaka GPT. Ikianza kwa njia ya zamani inayoandikwa "Legacy", hutaka MBR.

Kwa hivyo, kama maneno yanalalamikia MBR, futa vigawanyo vyote vya diski mpya mpaka ibaki eneo moja lisilogawanywa, kisha uendelee. Windows itachora ramani mpya yenyewe. Soma ukubwa wa diski mara mbili kabla ya kufuta! Kama maneno yanalalamikia GPT, usifute kitu. Anza upya, na kwa ile orodha ya F12 au F9 uchague flashi iliyoandikwa UEFI.

HATUA YA 4: KUNAKILI KUNAKATIKA KATIKATI

Asilimia 20, 40, halafu inasema faili imeharibika. Mshukiwa wa kwanza ni flashi. Hamishia kwa tundu lingine la USB. Ikikataa, itengenezwe upya kwa faili iliyopakuliwa upya, kwa sababu faili iliyokatika intaneti ikipotea huonekana nzima hali si nzima. Mshukiwa wa pili ni RAM. Kama laptopu ina mbili, jaribu na moja moja.

Mshukiwa wa tatu ni diski ya uongo. Kuna diski zinazouzwa zikiwa na maandishi ya terabaiti nyingi kwa bei ya chini ajabu, na ndani mna chipu ndogo. Hukubali kunakili mwanzoni, halafu zikijaa zinaharibu kila kitu. Bei ikiwa tamu kupita kiasi, ulizeni kwa nini.

Na stima ikipotea katikati? Kama betri imekufa, laptopu itazima, na kazi itaanza upya. Kwa diski tupu hamjapoteza kitu isipokuwa muda. Lakini fundi akitaka kubadilisha programu ya BIOS yenyewe, mkatazeni kama hakuna stima ya kutegemewa na betri yenye chaji. Stima ikikatika hapo, laptopu inaweza kufa kabisa.

HATUA YA 5: INARUDI MWANZO KILA MARA

Kunakili kumekamilika, laptopu inajizima na kuwaka, halafu inauliza tena uchague lugha. Watu husakinisha mara tatu, mara nne. Kumbe laptopu inaanza kwa flashi tena. Chomoa flashi, uwashe upya. Kama sasa inasema hakuna diski ya kuanzia, ingia BIOS uweke diski mpya iwe ya kwanza kwa orodha.

Angalieni pia saa na tarehe. Laptopu iliyokaa sana hupoteza tarehe kwa sababu betri yake ndogo ya ndani imeisha. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, tovuti hukataa kufunguka na Windows inaweza kushindwa kujithibitisha. Rekebisha tarehe kabla ya kulaumu intaneti.

TUCHUKUE MFANO

Katibu wa kikundi yuko na fundi kijana mezani.

Fundi: Mama, hii diski mliuziwa mbaya. Leteni ingine.
Katibu: Haya, kijana wangu. Lakini nieleze kwanza. Kule BIOS ulikuwa unaiona?
Fundi: Eeh, jina lake liko.
Katibu: Na flashi ilianza?
Fundi: Ilianza vizuri. Ni pale kwa kuchagua diski, hapakuwa na kitu.
Katibu: Basi hiyo ni hatua ya tatu. Hebu angalia mpangilio wa SATA kwanza, kabla hatujatumia pesa ya watu.

Huyu mama hajui kufungua laptopu, na hakumdharau fundi. Ameuliza maswali mawili tu kwa utaratibu, na fundi mwenyewe akaona pa kuangalia.

WINDOWS AU LINUX?

Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hutaka RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Laptopu nyingi za zamani hazifiki hapo. Zikikataliwa hivyo, SSD haina hatia.

Kama laptopu yenu inafaa, msikimbilie kununua leseni. Laptopu nyingi zilizouzwa na Windows 8 au 10 zina namba ya leseni ndani ya ubao mkuu. Kubadilisha diski hakuiondoi. Mkisakinisha toleo lile lile la Windows, itajithibitisha ikipata intaneti.

Kama haifai, kuna Linux, ambayo haina malipo. Linux Mint huhitaji RAM ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 20, ingawa zaidi ya hapo ni vizuri. Nyingine ni Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe mnalielewa bila kufunzwa: ubuntu ni utu. Zote mbili zinaweza kuwekwa LibreOffice, inayofungua hesabu zilizoandikwa kwa Excel. Na zina faida moja kwa somo letu: unaweza kuzianzisha kwa flashi na kuzijaribu bila kusakinisha. Hapo mtaona kama diski inaonekana, kama kioo, spika na intaneti vinafanya kazi, kabla ya kuamua.

MFANYE NINI BAADA YA HAPO?

Laptopu ikishawaka, rudisheni faili za kikundi, mfungue daftari la karatasi na kulinganisha salio la kila mwanachama. Mweka hazina na katibu waweke sahihi. Nakala ya pili ikae kwa flashi nyumbani kwa kiongozi mwingine, isahihishwe kila mwezi. Diski ya zamani ikae miezi 3 au zaidi. Baada ya hapo ifutwe kabisa na mtu mnayemwamini mkiwa mnaangalia, au ivunjwe sahani. Isitupwe shambani wala kuchomwa. Vifaa vya namna hii hupokelewa na wanaotengeneza upya taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi.

Na kwa daftari la kikundi andikeni ukurasa mmoja: aina ya laptopu, aina ya diski, tarehe, shida ilikwama hatua gani, na nini kiliitatua. Atakayekuwa katibu baada ya miaka mitatu atawashukuru.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Laptopu yetu ikikataa kuwaka kesho asubuhi, salio la kila mwanachama tutalipata wapi?
2. Nani ana nakala ya faili zetu? Ilifunguliwa na kukaguliwa lini mara ya mwisho?
3. Tukipeleka laptopu kwa fundi, ni nani ataenda naye, na atauliza maswali gani?
4. Je, kuna kijana kwetu aliyesomea ufundi ambaye anaweza kutufundisha kufungua BIOS siku ya mkutano?

Swali la kwanza lijibiwe kwa mkutano huu. Mengine yanaweza kungoja, hilo haliwezi.